Kufuli Lililotoka Kwenye Friji

"Pua hii," Mwau alisema, akiigonga kwa kidole kama mtu anayebisha mlango, "haijawahi kudanganywa. Nikiingia mahali mwizi amepita, najua sabuni aliyoogea na mboga aliyolalia. Daktari, mimina chai. Kabla haijapoa nitakuwa nimemshika mwizi wako shati, hapa nyuma ya shingo, na hivyo hivyo nitamtembeza mpaka mbele ya mkurugenzi wa maabara hii."

Daktari Mumbua akamimina chai. Tuseme ukweli: chai hiyo ilipoa, ikaota utando juu, nzi akaja akaoga humo akaondoka zake, na Mwau alikuwa bado hajamshika hata mwenye shati la kukopa.

Lakini usimcheke mapema. Mwau Ndululu alikuwa mpelelezi wa kweli, mwenye ofisi juu ya duka la mbegu pale Kitui mjini, na mlangoni jina lake lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyekundu. Alikuwa amerudisha mbuzi, pikipiki, na bwana harusi mmoja aliyetorokea Tseikuru akijifanya amekwenda kununua ng'ombe. Asubuhi hiyo ya Jumanne alikuwa amevaa shati lake la buluu, lile zuri, na nyuma ya kila sikio amejipaka matone ya marashi yake mapya.

Kitu kimoja tu kilimkera. Tangu Jumapili, Kitui yote ilikuwa inanuka kitunguu saumu. Kanisani watu wa benchi lake walihama mmoja mmoja, wengine wakijifanya wanafuata feni. Wavinya, msichana ambaye Mwau alikuwa akimfukuzia tangu mwaka uanze, aliketi naye kidogo tu, kisha akakumbuka kwamba ana nguo za kuanua. Siku yenyewe hakuwa amefua hata leso. Mwau alihitimisha kwamba Wavinya naye ameanza kula saumu, na kwa ukarimu wake akamsamehe.

"Sasa nieleze hii kitu iliyopotea," alimwambia Daktari Mumbua. "Polepole. Mimi sayansi niliiachia kidato cha nne, na tuliachana kwa amani."

Daktari Mumbua alikuwa mama mfupi, mchangamfu, mwenye koti jeupe na ndara. Alimsogeza Mwau hadi kwenye hadubini.

"Angalia hapo. Unaona nini?"

"Naona giza, na vitone vya buluu vinawaka. Kama Kitui usiku ukiwa juu ya kilima."

"Hizo ni seli. Ndani ya kila seli kuna vifuko vinaitwa laisosomu. Vinasaga taka na mafuta ya seli, kama vinu vya posho. Sasa, kwenye utando wa kila kifuko kuna protini moja, na kazi yake ni kutoa kolesteroli nje ikishasagwa. Ni mlango wa kinu. Kuna watoto wanazaliwa huo mlango wao ukiwa umeharibika. Mafuta yanajaa ndani, hayatoki, na ubongo unaumia kidogo kidogo."

Mwau aliinua jicho kutoka kwenye hadubini. Utani ulimtoka usoni kidogo.

"Ili tujue tutawasaidiaje," Daktari aliendelea, "tunaufunga mlango sisi wenyewe, kwenye seli za sahani, tuone kinachovunjika kwanza na kinachoweza kuokolewa. Kemikali inayoufunga tunaiita kizuizi. Tuko navyo kadhaa. Vingine vinafunga nusu, vingine vinafunga mpaka milango ya majirani. Kimoja tu kinafunga mlango huo peke yake, na kinafunga kabisa. Sisi hapa tumekibandika jina Kufuli. Mwenzangu mmoja alikipika mwaka mzima. Kilichobaki kilikuwa kwenye kichupa cha ukubwa wa kidole gumba, na kichupa hicho hakipo."

"Ufunguo ako nao nani?"

"Huo wa kuwafungulia watoto ndio hata sisi tunatafuta, Mwau."

Simu ya Daktari ikalia. Alikuwa mkurugenzi, Bwana Mulei, ambaye alikuwa Malili akitazama ploti yake. Alikuwa na tabia ya kwenda kuitazama kila mara, labda aone kama imeota. Sauti yake ilisikika mpaka dirishani: anamalizia nyama, anaingia kwenye gari, na akifika Kitui akute kichupa au akute Kanyiva amerudisha funguo za maabara. Hakuna la tatu.

Kanyiva alikuwa hapo hapo, karibu na sinki, akiosha chupa ambayo tayari ilikuwa safi. Yeye ndiye aliyeshika funguo za friji za maabara. Mama yake kule Mbooni alikuwa amesimama kanisani kutoa ushuhuda kwamba bintiye anatibu seli, na mchungaji akasema amina, na akina mama wa vilima vyote wakajua. Msichana kama huyo harudi nyumbani na begi na maneno "nimefukuzwa kwa wizi". Afadhali ahamie mwezini.

"Daktari," Mwau alisema, "hicho kichupa kina alama gani?"

"Ni cha kioo, rangi ya kahawia, na kibandiko. Vizuizi vingine vyote viko kwenye mirija ya plastiki, na vyote vipo."

"Ahaa!" Mwau aligeuka, mikono mgongoni. "Mwizi alikuwa na vyote mbele yake, akachukua kile bora peke yake. Sasa nani anajua kipi ni bora? Si mlinzi. Si mtu wa kufagia. Ni msomi! Mtu wa ndani!"

"Na kuna jambo lingine," Daktari alisema. "Kufuli limeyeyushwa kwenye kiyeyushi kinaitwa DMSO. Hicho ni kitu cha ajabu. Kikigusa ngozi kinapenya, na baada ya muda mtu huanza kunuka saumu kwa pumzi. Yeye mwenyewe anaisikia mdomoni na puani. Kwa hivyo mtu akikishika bila glavu..."

Hakumaliza. Mwau alikuwa amefumba macho, pua juu, tundu zake zikicheza kama za sungura.

"Iko hapa," alinong'ona. "Daktari, hiyo harufu iko ndani ya chumba hiki sasa hivi!"

"Hata mimi naisikia," Daktari alisema, akimtazama kwa namna fulani.

Mwau hakuona namna yoyote. Alikuwa ameshaingia chumba cha pili, ambako kijana anayeitwa Nuhu, mwanafunzi wa utafiti kutoka Mwingi, alikuwa ameketi na mkebe wa chakula magotini.

"Simama. Fungua mdomo."

"Mimi si ng'ombe wa mnada, kaka," Nuhu alisema, lakini akasimama.

"Puliza."

Nuhu akapuliza. Mwau akarudi nyuma kama aliyepigwa na mlango.

"Saumu! Tena saumu ya kutisha! Kijana, Kufuli liko wapi?"

"Liko kwa hii pilau," Nuhu alijibu, akainua mkebe. "Mamangu alitia saumu nzima nzima. Onja."

Mwau alionja. Lazima ushahidi uonjwe. Alionja tena kuhakikisha, na mara ya tatu ili asije akamwonea mtu.

"Jumamosi ulikuwa wapi?"

"Mwingi, arusi ya dadangu Zulekha. Nimerudi jana jioni kwa gari la kina mjomba. Huyu hapa ni mimi nimebeba sufuria. Huyu ni mimi nikicheza. Huyu..." Nuhu alitelezesha picha kwenye simu, "bado ni mimi, lakini sufuria nimeiangusha."

Mwau alizitazama picha kwa uso wa mtu ambaye basi limemwacha.

"Sasa mbona Daktari pia ananuka saumu? Na Kanyiva? Na mlinzi pale getini?"

"Wote?" Nuhu alikuna kichwa. "Kaka, usikasirike. Mtu akisikia harufu moja kwa kila mtu anayemkaribia, si ajiulize..."

"Nani anauliza maswali hapa?"

"Wewe, mkubwa."

"Basi kula."

Msomi akawa hana hatia, na hapo hapo ikaanguka ile hoja yote ya mtu anayejua kipi ni bora. Mwau alirudi maabara akiwa mpole kiasi. Sasa, hapa ndipo utakapoona kwa nini watu bado wanamlipa. Alipoacha kunusa, alianza kutazama, na macho ya Mwau yalikuwa mazuri kuliko pua yake mara kumi. Alifungua friji. Akaangalia kufuli la mlango wake: halina mkwaruzo. Akaangalia madirisha: vyuma vyote viko. Akapiga magoti chini ya meza, akavuta kisanduku cha barafu, kile cha kubebea sampuli, akakifunua.

Kilikuwa kimeoshwa. Lakini kwenye kona, chini kabisa, kulikuwa na kitu cheupe kimegandamana. Alikibandua kwa ukucha. Kibandiko kidogo, kimelowa na kukauka, wino umetapakaa. Herufi mbili za mwanzo zilisomeka bado: KU.

Karibu yake ilikuwako mbegu moja ya ukwaju.

Mwau aliketi chini sakafuni, akafikiri. Kibandiko hakibanduki ndani ya friji. Kinabanduka kikilowa, na kinalowa barafu ikiyeyuka. Kwa hivyo kichupa kilikuwa ndani ya kisanduku, na kisanduku kilikaa mahali barafu ikawa maji. Na ukwaju? Hakuna mtu anayetafiti ukwaju hapa. Akainuka, akafungua friji ndogo ya chakula cha wafanyakazi. Nyuma ya maziwa kulikuwa na chupa ya juisi ya ukwaju, imefungwa kwa kipande cha nailoni na mpira mwekundu. Mji mzima unajua ni Bi Mishi, muuza juisi wa nyuma ya soko, anayefunga juisi yake hivyo; na funguo za friji za maabara zilikuwa kwa mtu mmoja tu.

"Kanyiva," aliita. "Njoo tuongee na hii juisi."

Kanyiva alikuja. Aliiona chupa, kisha kibandiko kwenye kidole cha Mwau, na mabega yake yakashuka.

"Kisanduku kilitoka nje," Mwau alisema, sasa bila mbwembwe. "Lini?"

"Jumamosi."

"Kwa nini?"

"Stima ilipotea tangu usiku. Jenereta haikuwa na mafuta. Nimempigia mkurugenzi, hashiki. Daktari yuko Makueni kwa mazishi, simu haiingii. Joto lenyewe unalijua, Mwau! Ningeacha kila kitu kioze? Nikatia barafu iliyobaki kwa kisanduku, nikabeba mpaka kwa Bi Mishi. Friji yake ni ya sola."

"Sheria inasema?"

"Sampuli hazitoki kwa geti. Ndio maana sikusema." Alifuta macho kwa mkono wa koti. "Kisanduku hakikuingia kwa friji yake, nikatoa vitu, nikavipanga kwa mlango. Jana asubuhi nikaenda kuchukua. Mirija yote ilikuwepo. Kichupa hakikuwepo. Tukatafuta na Bi Mishi mpaka chini ya kabati. Nikadhani nimekiangusha njiani."

"Na juisi?"

"Ni yeye alitia. Ati hawezi kunirudishia kisanduku kitupu, mamangu atamwonaje."

Daktari Mumbua alikuwa amesimama mlangoni, na amesikia yote. "Kanyiva," alisema, "kwa hivyo uliokoa vizuizi vyote vingine, ukanyamaza, ukangoja ufukuzwe?"

"Nilivunja sheria, Daktari."

"Na mimi niliacha jenereta kavu. Sasa wewe ungefukuzwa, mimi je? Nichapwe?"

"Kichupa hakina kibandiko," Mwau aliingilia, vidole vikicheza hewani. "Kiko kwa mlango wa friji ya Bi Mishi. Na Bi Mishi huweka nini kwa huo mlango? Marashi yake ya kuuza! Kwa sababu ya joto. Vichupa vidogo vya kahawia. Mabibi na mabwana, hakuna msomi. Hakuna mwizi wa sayansi. Kuna mwizi wa marashi, kibaka wa bei rahisi, mtu asiye na haya, aliyechukua Kufuli akidhani atanukia!"

Aliposema hivyo, kitu fulani kilimgusa moyoni kwa ubaridi, kama tone la maji kutoka mabati. Alikifukuza. Tayari wote watatu walikuwa njiani kwenda kwa Bi Mishi.

Bi Mishi alikuwa na kibanda nyuma ya soko: juisi upande huu, bajia upande ule, na marashi juu ya kabati la kioo. Babu yake alikuja Kitui na shehena ya vitambaa kutoka pwani, akaonja asali ya huku, hakuondoka tena. Bi Mishi mwenyewe alikuwa akisema Kikamba cha haraka kuliko Mwau.

"Wamekuja!" alisema. "Daktari, Kanyiva mwanangu, na... na wewe pia. Karibuni. Bajia?"

"Bi Mishi, ni kazi," Mwau alisema, akipanua kifua. "Jumamosi, nani alikuja hapa?"

"Wateja."

"Nani aligusa friji?"

"Friji yangu hawaigusi. Wananiita, nawatolea." Aligeuza bajia. "Isipokuwa mmoja."

"Ahaa! Daktari, sikia shahidi huyo. Endelea, Bi Mishi. Usiogope, niko hapa."

"Siogopi. Ni kijana. Aliniambia, 'Shangazi, wewe endelea kukaanga, juisi nitajitolea mwenyewe.' Nikampa mgongo. Lakini unaona kile kioo, kile wasichana wanajitazama wakijaribu marashi?" Alielekeza kwa kijiko. Ukutani kulikuwa na kioo kirefu, na ndani yake walionekana wote wanne, na friji nyuma yao. "Nikamwona humo. Akachukua kichupa, akakitazama kwa mwanga. Kimeganda kama mafuta ya nazi ya asubuhi ya baridi. Akatabasamu kama aliyepata mtaji, akakitia mfukoni."

Mwau alijifanya anasoma bei za bajia.

"DMSO huganda kwa friji," Daktari alisema taratibu. "Ni hicho kabisa. Na ukikitoa kwenye joto la Kitui kinayeyuka upesi."

"Na hukusema kitu, Bi Mishi?" Kanyiva aliuliza. "Jana tunatafuta pamoja!"

"Kwani nilijua ni chako, mwanangu? Nilidhani kaiba marashi yangu, nikasema mwache, labda anataka kunukia mbele ya yule msichana wake. Dawa yako nilidhani umeiangusha." Bi Mishi alitoa bajia, akazikung'uta mafuta. "Au unataka nieleze alivyo, bwana mpelelezi?"

"Si... si lazima," Mwau alisema.

"Kimo cha kati."

"Bi Mishi, hiyo inaweza kuwa mtu yeyote."

"Shati la buluu. Zuri. Mfuko wa mbele umetoka kifungo."

Daktari Mumbua aligeuza kichwa. Kanyiva pia. Wote wawili waliutazama mfuko wa mbele wa shati la Mwau, ambao kwa bahati mbaya ulikuwa hapo kifuani, wazi kama mdomo.

"Na pua kubwa," Bi Mishi aliendelea, sasa akijifurahisha waziwazi. "Anapenda kuigonga kwa kidole akisema uongo."

Kidole cha Mwau kilikuwa njiani. Kilifika usawa wa kidevu, kikasimama, kikarudi chini polepole kikijifanya hakikuwa kikienda popote.

Mafuta ya bajia yalichemka. Mwau aliingiza mkono mfukoni, akatoa kichupa cha kahawia kisicho na kibandiko, akakiweka juu ya kabati kwa unyenyekevu wa mtu anayetoa sadaka ndogo.

Kanyiva alikinyakua, akakiinua juani, akapiga kelele. "Kimejaa! Daktari, karibu chote kipo!"

"Nilijipaka kidogo tu," Mwau alisema. "Nyuma ya masikio. Na kifuani Jumapili, kwa sababu ya ibada. Nilidhani ni ya kitajiri, ile ambayo harufu inachelewa kutoka."

"Haikuchelewa," Daktari alisema. "Tumeisikia tangu ulipoingia. Nilidhani ni ustaarabu kunyamaza."

"Daktari... nitakufa?"

"Kwa matone hayo? Hapana. Lakini utaoga sasa hivi, kisha utapimwa damu, utake usitake. Kufuli nalo nitalipima upya kabla ya kulitumia, ila linavumilia joto." Kisha uso wake mzito ukashindwa kujizuia, akacheka mpaka akashika kabati. "Seli za nyuma ya masikio yako, Mwau, milango imefungwa. Saa hii zina mafuta kuliko mbuzi wa Tseikuru!"

Simu ikalia mkononi mwake. Akaiweka kwa sauti ya juu.

"Mumbua, nimefika getini," mkurugenzi alinguruma. "Huyo mpelelezi wenu amefanya nini? Amempata mwizi?"

Daktari alimtazama Mwau, akamsogezea simu mdomoni.

"Nimempata, bosi," Mwau alisema kwa sauti ya mbali. "Na kichupa kiko. Kanyiva hana hatia hata kidogo. Ndiye aliyeokoa vile vizuizi vingine."

"Vizuri sana! Na huyo mwizi ni nani? Mko naye?"

"Tuko naye."

"Basi mlete hapa nimwone uso!"

Kanyiva alifunga kichupa ndani ya kiganja cha kushoto. Kwa mkono wa kulia, bila haraka, na kwa furaha ya binti ambaye mama yake hatahitaji kufuta ushuhuda wake, alimshika Mwau shati, pale pale nyuma ya shingo, mahali alipokuwa amepaonyesha mwenyewe asubuhi.

"Tembea, kaka," alisema. "Lakini angalia mbele. Usinipumulie."